Nani Atamtetea Mjane? Tafakari juu ya Riwaya ya My Cousin Rachel

Utangulizi

Huenda wapo wasomaji watakaoshangaa kuona riwaya ya mapenzi na taharuki ikijadiliwa katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na ufafanuzi wa Maandiko, historia ya Kanisa na kazi ya uchungaji. Mshangao huo una sababu yake. Vitabu vya aina hii husomwa safarini na kitandani, na wengi wetu tuvisomapo hatuvitaji mbele ya walimu wetu. Hata hivyo twaamini ya kuwa kitabu kinachosomwa na watu wengi kina mafundisho yake, hata kama mwandishi hakukusudia kufundisha. Na mtumishi wa Neno hana budi kujua washarika wake hufundishwa nini wanapokuwa nje ya kanisa.

Riwaya tuliyoichagua ni My Cousin Rachel, yaani Binamu Yangu Rachel, ya mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier (1907–1989). Ilitolewa mwaka 1951, na hadithi yake imeonyeshwa katika filamu za sinema za mwaka 1952 na mwaka 2017. Ni habari ya mjane anayejaribu kuyaanza maisha upya katika nyumba ya ukoo wa marehemu mumewe, na ya kijana anayempenda na kumshuku kwa wakati mmoja. Swali ambalo wasomaji wamelibishania kwa zaidi ya miaka 70 ni hili: je, Rachel alimwua mumewe kwa sumu, au hakumwua? Nia yetu katika makala haya si kulijibu. Twataka kuonyesha kwamba swali lenyewe ni mtego, na kwamba hata sisi tunaohubiri juu ya haki na rehema tumenaswa nao.

Muhtasari wa Riwaya

Mambo yanatokea Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika siku za magari ya farasi. Philip Ashley ni yatima aliyelelewa na binamu yake Ambrose, mwenye umri mkubwa kuliko yeye na mwenye mashamba mengi. Nyumba yao ni ya wanaume watupu. Hata watumishi ni wanaume. Kwa ajili ya afya yake Ambrose anaikimbia baridi ya Cornwall na kwenda Italia. Huko Florence anakutana na Rachel, mjane ambaye mume wake wa kwanza alimwachia madeni, naye anamwoa. Baadaye barua zake zinaanza kubadilika. Analalamikia maumivu ya kichwa, anamshuku mkewe pamoja na Rainaldi, rafiki na mshauri wa mkewe, na hatimaye anamwita Philip kwa haraka. Philip anapofika anaambiwa kwamba Ambrose amekwisha kufa na kuzikwa. Matabibu walitaja uvimbe wa ubongo. Philip hasadiki. Anaapa kulipiza kisasi juu ya mwanamke ambaye hajapata kumwona.

Kisha Rachel anakuja Cornwall. Philip, aliyekuwa amejiandaa kukutana na adui, anakutana na mwanamke mpole, mdogo wa umbo, mwenye mavazi ya msiba na masanduku machache. Muda si muda anampenda. Anamwekea posho, anampa vito vya ukoo, na anapotimiza miaka 25 anampa mali yote. Usiku ule Rachel anampokea kwa wema ambao Philip anauhesabu kuwa ni ahadi ya ndoa. Kesho yake anawatangazia wageni kwamba wataoana, naye Rachel anakana. Tangu hapo mapenzi yanageuka kuwa shuku tena. Philip anaugua sana, Rachel anamwuguza mpaka anapona. Lakini akiisha kupona anaikuta bahasha yenye mbegu za mlaburnamu, ambazo ni sumu. Mwishoni Rachel anatoka kutembea katika bustani aliyoianzisha mwenyewe. Fundi amekwisha kumwonya Philip kwamba daraja jipya la bustani bado ni kiunzi tu, halibebi uzito wa mtu. Philip anaujua ukweli huo na ananyamaza. Rachel anaanguka na kufa, akimwita kwa jina la Ambrose.

Hivi ndivyo Ilivyo Shuku

Kwanza tumtendee haki mwandishi. Ushahidi dhidi ya Rachel upo, naye ameupanga kwa ustadi. Ziko barua za Ambrose. Ziko fedha nyingi alizozipeleka Italia kwa siri. Ziko safari za Rainaldi. Iko chai ya majani ambayo Rachel huipika kwa mkono wake, na ziko mbegu zile. Mtu akizihesabu peke yake, kamba imekwisha kusokotwa.

Lakini kila jambo lina upande wake wa pili. Ambrose aliandika akiwa mgonjwa, na ugonjwa wa ubongo waweza kumfanya mtu awaogope hata wampendao. Wosia ambao ungemrithisha Rachel haukutiwa sahihi, kwa hiyo kifo cha mumewe hakikumpa kitu. Mpanda bustani huweka mbegu za miti, nayo mbegu ya sumu huweza kuwekwa kwa ajili ya ua lake. Chai ile ile aliwapa pia wapangaji wa shamba waliokuwa wagonjwa, nao walimshukuru. Na wakati Rachel alipokuwa akielekea darajani, Philip alipekua chumba chake pamoja na Louise, binti wa mlezi wake, akitafuta hati ya mwisho ya hatia. Walichokiona ni barua ya Rainaldi isiyotaja sumu wala hila.

Yafaa tuone jinsi shuku inavyofanya kazi hapa. Rachel anapotumia fedha, ni mfujaji. Asipoomba kitu, ni mjanja anayesubiri. Akimwuguza Philip, anaificha hatia yake. Akimwacha, angekuwa mkatili. Hakuna tendo liwezalo kumtoa katika kizimba, kwa sababu kila tendo limekwisha kutafsiriwa kabla halijatendeka. Maarifa ya mitishamba, ambayo kwa mwanamke mwenye mume yangeitwa uangalifu wa nyumba, kwa mjane yanaitwa dalili. Kile hasa kinachomponza ni kwamba hataki kuolewa tena. Riwaya nyingi za mapenzi huuhesabu ujane kuwa ni kilio kinachongoja mwanamume wa kukifuta. Rachel anajenga maisha mapya bila kuomba ruhusa hiyo: anachora matuta ya bustani, anaagiza mimea, anapanga kufundisha Kiitaliano ili ajipatie riziki. Uhuru huo ndio fumbo ambalo Philip hawezi kulifumbua, na asichokifahamu anakiita uovu.

Hata ukarimu wa Philip una kamba yake. Hati iliyompa Rachel mali ilikuwa na sharti kwamba akiolewa tena, mali itarudi kwa Philip. Hivyo mjane alipewa mkate pamoja na mlango uliofungwa.

Jambo Lililo Wazi

Sasa twafika penye kiini cha hoja yetu. Wasomaji hubishana juu ya mikono ya Rachel, kama ilitia sumu au haikutia. Lakini ndani ya riwaya hii kuna mikono ambayo hatuna haja ya kuikisia. Rachel alipomkatalia ndoa, Philip alimshika shingoni. Anatusimulia mwenyewe, kwa kinywa chake. Baada ya hapo Rachel, kwa hofu, alimwalika Mary Pascoe, binti wa kasisi wa kijiji, aje kukaa naye nyumbani. Na mwisho wa yote Philip aliona mauti imetandikwa mbele ya mtu, akafunga kinywa.

Hii maana yake ni kwamba kati ya watu wawili, mmoja tu ndiye tunayejua kwa hakika kuwa alitenda ukatili, naye si mjane. Hata hivyo msomaji hufunga kitabu akiuliza juu ya mjane. Kwa nini? Kwa sababu Philip ndiye msimulizi. Anayeshika kalamu huchagua nani awe mshitakiwa. Rachel hapewi sura hata moja ya kusema habari yake mwenyewe. Tunamsikia kupitia masikio ya mtu anayemtaka na kumwogopa. Tukilinganisha na Rebecca, riwaya ya mwandishi huyu ya mwaka 1938, jambo hili huonekana waziwazi zaidi. Kule mume anakiri kwamba alimpiga risasi mkewe, na bado wasomaji wengi humwonea huruma na kutamani aponyoke. Hapa mke anashukiwa tu, wala hakuna kilichothibitishwa, na bado wengi hawamwachilii. Mizani hii haikutengenezwa na du Maurier peke yake. Msomaji huingia nayo mwenyewe.

Na tusimpite kasisi. Bwana Pascoe na jamaa yake hukaribishwa katika nyumba ile kula chakula cha Jumapili. Binti yake mwenyewe anaitwa akae na mwanamke anayeogopa. Msimulizi hatuonyeshi kasisi akiuliza hofu hiyo imetoka wapi. Twaona sahani zikipitishwa na mazungumzo yakiendelea. Sisi tulio katika huduma hatuwezi kuisoma meza ile bila kuona viti vyetu wenyewe.

Amri ya Nane na Amri ya Tano

Martin Luther, akifafanua amri ya nane katika Katekisimo Ndogo, hakuridhika kusema kwamba tusiseme uongo juu ya jirani. Alifundisha kwamba tumtetee, tuseme mema juu yake, na kuyafasiri mambo yake yote kwa upande ulio bora. Katika Katekisimo Kubwa aliendelea kutofautisha kati ya kuijua dhambi na kuihukumu. Mtu aweza kujua kosa la mwenzake, lakini asiyepewa kazi ya hukumu hana ruhusa ya kuketi katika kiti hicho. Ikiwa jambo ni zito, lipelekwe kwa wenye mamlaka, mbele ya mashahidi, mahali ambapo mshitakiwa naye aweza kujibu.

Hapa riwaya yatoa somo kali. Mwanzoni kabisa Philip anakumbuka jinsi alivyoonyeshwa, akiwa mtoto mdogo, maiti ya mtu aliyenyongwa njia panda kwa kosa la kumwua mkewe. Anatuambia kwamba desturi hiyo imekwisha, na kwamba siku hizi mwuaji huhukumiwa kwa haki mahakamani Bodmin. Basi mahakama ilikuwapo. Njia ilikuwapo. Philip angeweza kumpeleka Rachel mbele ya sheria, naye Rachel angeweza kujitetea. Badala yake alifanya kesi moyoni mwake, akawa mshitaki, shahidi, hakimu na mnyongaji, na mshitakiwa hakuambiwa hata siku ya hukumu.

Mtu aweza kusema kwamba Philip hakuua, alinyamaza tu. Lakini Luther alipofafanua amri ya tano alisema kwamba aivunjaye si yule tu atendaye mabaya, bali pia yule awezaye kumkinga jirani na madhara ya mwili na asimkinge. Amwonaye mwenzake katika hatari ya kufa na kumwacha, amemwua. Kwa kipimo hicho, fumbo la riwaya limekwisha kufumbuliwa. Hatujui kama katika nyumba ya Florence kulikuwa na mwuaji. Twajua kwamba katika bustani ya Cornwall alikuwapo. Amri ya nane ilivunjwa kwanza, na amri ya tano ikafuata nyuma yake. Ndivyo ilivyo desturi ya dhambi hizi mbili: ulimi hutangulia kuchimba shimo, na mwili huangukia humo.

Tamari na Yuda

Maandiko Matakatifu yanayo habari inayofanana sana na hii. Katika Mwanzo 38, Tamari amefiwa na waume wawili. Yuda, baba mkwe wake, anaogopa kumpa mwanawe wa tatu, asije naye akafa kama ndugu zake. Msomaji wa sura ile ameambiwa waziwazi kwamba wale wawili walikufa kwa sababu ya uovu wao wenyewe. Yuda hajui hivyo. Macho yake yameona maiti mbili na mwanamke mmoja, naye amefanya hesabu. Anamrudisha Tamari nyumbani kwa baba yake, akae mjane kwa ahadi isiyotimizwa. Baadaye, aliposikia kwamba Tamari ana mimba, hukumu yake ilikuwa ya haraka: atolewe nje akachomwe moto.

Kinachoitenga habari hii na riwaya yetu ni kwamba Tamari alipata nafasi ya kutoa ushahidi. Muhuri, kamba na fimbo vililetwa mbele ya Yuda. Naye Yuda, pamoja na makosa yake yote, alifanya jambo ambalo Philip hakulifanya hata mwisho wa kitabu: alikiri kwamba mjane yule alikuwa na haki kuliko yeye. Mathayo akamwandika mwanamke huyo katika ukoo wa Bwana wetu.

Tuongeze neno moja kutoka 1 Timotheo 5. Sura hiyo twaipenda kuitumia kuwaonya wajane vijana juu ya uvivu na maneno ya nyumba kwa nyumba. Lakini sura hiyo hiyo, katika mstari wa 19, yaagiza kwamba mashitaka juu ya mzee wa kanisa yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Je, ulinzi huo ni wa wazee peke yao? Kumbukumbu la Torati 19 haikuuwekea mpaka. Yasema juu ya mtu ye yote. Twaulizana basi: mara ngapi tumedai mashahidi watatu kwa ajili ya mzee wa usharika, na kutosheka na mnong'ono mmoja kwa ajili ya mjane?

Kasoro za Riwaya

Hatutaki kuifanya riwaya hii kuwa mahubiri. Iko mbali na hayo. Kwa sehemu kubwa shuku dhidi ya Rachel inalishwa na ugeni wake. Nusu ya damu yake ni ya Italia, na mwandishi anaitumia Italia kama nchi ya hila na joto la tamaa bila kuipima dhana hiyo vya kutosha. Rainaldi amechorwa kwa rangi moja. Louise, binti mwenye busara, amewekwa kando kama tuzo ambayo kijana hakuichagua.

Kasoro iliyo kubwa zaidi kwetu ni ya kiroho, na hapo ndipo tunapomshukuru mwandishi kwa kutuonyesha ugonjwa ingawa hatoi dawa. Philip anasimulia akiwa mtu anayeteswa. Lakini angalia anateswa na nini. Anataka kujua kama Rachel alikuwa na hatia. Akipata hakika kwamba alikuwa mwuaji, basi daraja lile litakuwa hukumu ya haki, naye atalala usingizi. Hiyo si toba. Toba husema, nimekosa mimi. Philip anatafuta kuhesabiwa haki kwa hatia ya mwingine. Injili yatangaza kinyume chake kabisa: sisi twahesabiwa haki kwa haki ya mwingine, bila kumtafuta mtu wa kubeba aibu yetu, kwa maana aliyeibeba amekwisha kuibeba. Asiyeijua habari hiyo hubaki kupekua madawati ya marehemu maisha yake yote.

Hitimisho

Cornwall si nchi yetu, na hatupendi kuvuta kitabu cha wengine mpaka kifanane na kijiji chetu. Lakini mjane anayetazamwa kwa jicho la pembeni kaburini tunamfahamu. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipozisomba nyumba nyingi katika nchi zetu, wajane wengi waliambiwa kuwa ndio walioleta kifo, hata pale ambapo mume ndiye aliyetangulia kuugua. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni wa miaka mingi ulitosha kuyafanya mekundu. Na penye shamba au nyumba ya kugawana, shuku huwa na faida yake, kwa sababu mjane akiitwa mwuaji hatadai kitu.

Mchungaji hufika katika nyumba hizo kabla ya watu wengine wengi. Yeye huketi na wafiwa, hula nao, husikia maneno yanayosemwa kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba. Mara nyingi yeye ndiye fundi aliyeonyeshwa kwamba daraja halina mbao. Hakuna atakayemdai ajue kila siri ya ndoa ya marehemu. Linalodaiwa ni dogo kuliko hilo, na gumu kuliko hilo: afungue kinywa kabla mjane hajakanyaga.

Kwa sababu hiyo twawapendekezea wanafunzi wetu kitabu hiki, hasa wale wanaojiandaa kwa huduma ya sharika. Wakisome mara moja kwa ajili ya taharuki yake, maana ni kizuri. Kisha wakisome mara ya pili, na kila Philip anapowaambia jambo juu ya Rachel, wajiulize ni nani mwingine aliyekuwapo chumbani, na kwa nini alinyamaza.